Kaka Mkubwa Hakujibu: Umbo la Kisa cha Maisha katika Mafundisho ya Kikristo

Sura ya 15 ya Injili ya Luka imebeba visa vitatu mfululizo: mchungaji aliyepoteza kondoo, mwanamke aliyepoteza sarafu, na baba aliyeondokewa na mwanawe. Tumevisikia tangu shule ya Jumapili, tumeviigiza kanisani tukiwa watoto, na pengine ndiyo maana hatuangalii tena jinsi vilivyojengwa. Kisa cha kwanza kinapokwisha, Yesu anakitolea somo waziwazi, kwamba toba ya mtu mmoja inasherehekewa mbinguni. Cha pili kinapokwisha, somo hilo linarudiwa kwa ufupi zaidi. Cha tatu ni kirefu kuliko hivyo viwili vikiunganishwa, na ndicho kizito kuliko vyote, lakini kinakwisha bila somo lolote. Baba yuko nje anamsihi mwanawe mkubwa, ndani watu wanacheza, na mara Luka anaingia kwenye habari nyingine kabisa, ya wakili aliyetapanya mali ya tajiri wake. Kaka mkubwa hakujibu. Hatujui kama aliingia.

Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu tunaishi katikati ya watu wanaotafuta mafundisho ya Kikristo katika mambo ya kila siku, na mimi ni mmojawao. Mimbarani, redioni kabla ya taarifa ya habari ya asubuhi, katika vijitabu vya tafakari, katika jumuiya ndogondogo, kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo: umeme umekatika, kuna somo, mtoto amepotea sokoni akapatikana, kuna somo, foleni imekwama, kuna somo. Mazoea haya ni ya zamani na yana haki yake. Imani inayokiri kwamba Mungu alizaliwa na mwanamke, akala, akachoka, akalala usingizi katika mashua, haiwezi kudai kwamba jikoni na sokoni hakuna cha kusikiwa. Ila tukisikia kisa cha namna hii huwa tunauliza swali moja tu, somo lake ni nini. Swali la jinsi kisa kilivyosimuliwa tunawaachia walimu wa fasihi. Mimi naona ndilo swali lenyewe. Mahali somo linapowekwa ndani ya kisa ndipo panapoamua kama somo hilo ni la kweli.

Tumtazame yule mwanamke wa sarafu. Ana sarafu kumi, kila moja ikiwa takriban ujira wa kibarua kwa siku moja. Nyumba za maskini wa Palestina ya wakati ule zilikuwa na giza hata mchana, madirisha madogo au hakuna kabisa, kwa hiyo anawasha taa. Anashika ufagio. Anatafuta kwa uangalifu mpaka aione. Hadi hapo hakuna ajabu yoyote. Kila mtu aliyewahi kuangusha hela ya matumizi uvunguni anaijua shughuli hiyo. Ndipo anapowaita mashoga na majirani waje wafurahi pamoja naye. Hapo msikilizaji mwenye akili za nyumbani anasita. Majirani wakija watakula nini? Sherehe hiyo inaweza kuimeza sarafu iliyopatikana, na nyingine juu yake. Hesabu imekataa, na pale pale ilipokataa ndipo somo lilipokaa.

Kondoo naye ni hivyo hivyo. Mchungaji ana mia, mmoja amepotea, anawaacha tisini na tisa nyikani. Luka hasemi kwamba kuna mtu aliyebaki kuwalinda, wala hasemi kwamba mchungaji aliwarudia. Tunamwona akienda nyumbani na mmoja mabegani, akiita majirani. Mwambie mfugaji wa Ugogoni au wa Simanjiro kisa hiki na atakupinga, na atakuwa na haki ya kupinga. Mwanamke wa chachu, katika Mathayo 13, anaichanganya na unga unaokaribia lita 40, kiasi kile kile ambacho Ibrahimu alimwagiza Sara akikande haraka wageni walipofika katika Mwanzo 18. Huo ni mkate wa kijiji kizima. Utaratibu wa visa hivi unafanana: maisha yanasimuliwa kwa uaminifu, taa ni taa na ufagio ni ufagio, hadi hatua moja inapopita kipimo cha kawaida. Msimulizi haitangazi hatua hiyo. Anaipitia kana kwamba ni jambo linalofanywa kila siku, na msikilizaji anabaki na mshangao wake mkononi.

Sasa tuingie katika kisa cha tatu, ambacho kina utajiri kiasi kwamba mtu angeweza kuandika kitabu kuhusu mdomo wa baba peke yake. Kijana akiwa na njaa kwenye nguruwe anatunga hotuba yenye sehemu tatu: kukiri kosa, kukiri kwamba hastahili kuitwa mwana, na ombi la kuajiriwa kama kibarua. Tunaisikia yote akiwa bado huko mbali. Anapofika anaanza kuitamka, na anafika sehemu ya pili. Ya tatu haitamki. Baba amekwisha kugeuka kuwaagiza watumishi: vazi, pete, viatu, ndama. Ombi la kibarua limezimwa kabla ya kutoka kinywani, na msimulizi hakutumia hata neno moja kutuambia kwamba baba alikataa ombi hilo. Kukatwa kwa hotuba ndiko kukataa kwenyewe. Tena tazama: katika kisa chote baba hamwambii kijana huyu neno lolote. Anamkimbilia, anamkumbatia, anambusu, kisha anazungumza na watumishi. Maneno yake ya moja kwa moja kwa mwana anayahifadhi kwa ajili ya yule mkubwa, kule nje.

Na yule mkubwa? Mdogo amesema baba kila alipofungua kinywa. Mkubwa hasemi baba hata mara moja. Anaanza na miaka yake ya utumishi, kisha anamtaja mbuzi ambaye hakupewa. Hamwiti kijana aliyerudi ndugu yake, anamtaja kama mtoto wa mzee. Baba, akijibu, anarudisha undugu huo mahali pake kwa utulivu. Kisha kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Mkubwa anasema mdogo wake alimaliza mali kwa makahaba. Nani kamwambia? Msimulizi alisema tu kwamba kijana aliishi maisha ya anasa na ufujaji. Mkubwa alikuwa shambani, amepata habari za kurudi kutoka kwa mtumishi mmoja pale uani, na mtumishi hakutaja makahaba. Amejaza mwenyewe. Ameyachukua maisha ya mtu mwingine, akaongeza kipengele ambacho hakukishuhudia, akayageuza kuwa somo kuhusu uovu wa mdogo na wema wake yeye. Nathubutu kusema kaka mkubwa ndiye mhubiri wa kwanza wa kisa cha mwana mpotevu, na alikihubiri vibaya.

Ukirudi mwanzo wa sura utaona kwa nini kisa hakikufungwa. Wasikilizaji ni Mafarisayo na waandishi wanaonung'unika kwamba Yesu anakula na watu wabaya. Mtu anayesimama nje ya karamu akikataa kuingia ni wao. Yesu angesema kaka aliingia, angewajibia swali lao. Angesema aligoma, angewahukumu. Anamwacha amesimama, na wao wamesimama. Katika fasihi yetu kuna methali na kuna kitendawili: methali humaliza shauri kwa pumzi moja, kitendawili huhitaji mtu wa pili aseme tega, akune kichwa, ajaribu. Kondoo na sarafu vina mwisho wa kimethali. Mwana ni kitendawili, tena ambacho anayetegwa hawezi kutoa mji ili aambiwe jibu, kwa kuwa jibu ni kitendo chake.

Nabii Nathani aliijua mbinu hii karne nyingi kabla. Katika 2 Samweli 12 anakwenda kwa Daudi, ambaye amemchukua mke wa mtu na kumwua mumewe, akiwa na kisa cha tajiri mwenye mifugo mingi na maskini mwenye kondoo jike mmoja mdogo. Angalia alipoweka maneno yake mengi. Tajiri anapata sentensi moja. Kondoo wa maskini anapata sifa zote: alinunuliwa, akalelewa, akakua pamoja na watoto, akala tonge la bwana wake, akanywa kikombeni mwake, akalala kifuani mwake kama binti. Kisa kimejaa kiasi kwamba Daudi anasahau kwamba anafundishwa. Anakasirika, anatoa hukumu, anapanga fidia ya mara nne. Ndipo Nathani anapomwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Mpangilio huo, kusikia, kukasirika, kuhukumu, kisha kutajwa, ukiugeuza hauna kitu. Angeanza kwa kutangaza kwamba leo somo letu ni tamaa, mfalme angekuwa na majibu tayari.

Tuje nyumbani. Kuna kisa kinachozunguka katika mahubiri yetu kwa sura nyingi. Waingereza na Wamarekani wanacho pia, chenye basi na dereva wa kwao. Mchungaji mgeni mjini anapanda daladala. Anatoa noti ya shilingi 5,000, konda katika msongamano anarudisha chenji kana kwamba alipewa 10,000. Mchungaji anakaa na hela iliyozidi, moyo unashindana: ni kidogo tu, nani atajua, labda ni baraka. Akifika kituoni anamrudishia. Konda anacheka, anasema, "Mchungaji, nilikuwa nakujaribu. Nilitaka nione kama unayoyahubiri unayaishi." Mchungaji anashuka akitetemeka, anamshukuru Mungu. Wapendwa, dunia inatutazama.

Somo si baya. Dunia inatutazama kweli. Lakini hebu mtazame konda huyu kwa jicho lile lile tulilomtazamia kondoo wa Nathani. Hana chochote. Hana njia anayofanya, hana sauti ya kuita abiria, hana vidole vilivyokunja noti kwa urefu. Zaidi ya yote, hana hesabu. Anayejua daladala anajua kwamba jioni tajiri mwenye gari anataka hesabu yake kamili, mafuta yatoke humo humo, na kinachobaki ndicho dereva na konda wanachogawana. Chenji ikizidi, hasara haimpati tajiri. Inaliwa kwenye posho ya konda, na akiwa ni deiwaka aliyemshikia mwenzake siku hiyo moja, pengine ndiyo posho yote. Hakuna konda mwenye akili timamu anayeweka shilingi 5,000 hatarini ili ampime mchungaji. Kipengele hicho kimejazwa, kama makahaba wa kaka mkubwa.

Na tazama uongo huo mdogo unavyoliharibu somo lenyewe. Kwa kuwa konda alikuwa anajaribu tu, hakuna aliyekuwa karibu kuumia. Dhambi imekuwa shauri kati ya mchungaji na sifa yake. Jirani ametoweka. Katika Luka 19 Zakayo anaposhukiwa na neema, kinywa chake kinataja watu aliowadhulumu na anawapangia malipo ya mara nne. Toba yake ina wadai. Katika kisa cha daladala wokovu umepita juu ya kichwa cha konda bila kumgusa, tena ndani ya kisa kinachomhitaji ili kisimame. Mtu amegeuzwa kuwa chombo cha kufundishia.

Kingesimuliwaje kwa uaminifu? Mchungaji ameshuka kituo cha Mwenge, daladala imekwisha kuondoka, ndipo anapofungua mkono na kuona hela imezidi. Konda hamjui jina. Namba ya gari hakuitazama. Kesho kwenye gari lile anaweza kukaa mtu mwingine. Ana shilingi 5,000 za mtu ambaye usiku ule atapungukiwa, na hawezi kuzirudisha. Afanye nini? Azitie kwenye kapu la sadaka? Ni zake? Aende akasimame kituoni asubuhi? Hapo kisa hakina nyimbo wala shangwe, na mhubiri angebanwa kupata sentensi ya mwisho. Lakini kusanyiko zima lingeondoka na kitu cha kutafuna hadi Jumatano, na kama kulikuwa na konda benchi la nyuma, angejua kwamba kanisani wanamfahamu.

Ugonjwa huu wa kulazimisha somo si wetu peke yetu, na umewahi kupimwa vizuri huko Uingereza. Joseph Hall, askofu, alitoa mwaka 1630 kitabu cha tafakari fupi zilizozaliwa na mambo aliyokutana nayo: buibui dirishani, jogoo akiwika, konokono wawili. Vichwa vyake vinarudia mtindo mmoja, kwamba jambo fulani limeonekana, kisha anafuata na maelezo, mlinganisho, na mara nyingi sala. Tafakari ya buibui inaanza na kanuni: hakuna uovu wa mwanadamu usio na mfano wake kwa wanyama. Wanafuata wote wanaowinda wenzao angani, mtoni, baharini na porini, ndipo tunapofika dirishani. Buibui amechelewa. Kabla hatujamwona tumeambiwa yeye ni nani, na akishatokea anageuzwa upesi kuwa shetani, na sisi nzi. Maelezo ya katikati, jinsi buibui anavyosikia nzi kwa mbali na kukimbilia mlangoni pake, ni mazuri sana, nami nasikitika kila yanapoachwa.

Lakini Hall huyo huyo ana tafakari ya ndege mdogo aliyeingia chumbani kwake na kuimba. Ndege hajui chakula chake kijacho kitatoka wapi, usiku atajificha kichakani, na anaimba. Askofu ana paa, ana moto, ana meza, na amenuna. Hapa hakuna kanuni ya kutangulia. Ndege hageuzwi kuwa kitu kingine. Anabaki ndege, na aibu inamwangukia mtazamaji. Kwangu hii inazidi ile ya buibui mara kumi, na tofauti yote iko katika nani anayehukumiwa na lini.

Baada yake Robert Boyle, yule yule wa Kanuni ya Boyle tuliyoisoma katika fizikia, alichapisha mwaka 1665 tafakari zake ndefu za aina hiyo. Mwishoni mwa karne hiyo zilikuwa bado zinasomwa kwa sauti majumbani, na inasimuliwa kwamba Jonathan Swift, akiwa kasisi katika nyumba ya familia ya Berkeley, alichoka kuzisoma kwa bibi wa nyumba. Akaandika ya kwake, kuhusu mpini wa ufagio: zamani ulikuwa mti msituni, sasa umepinduliwa kichwa chini, na mwanadamu ni nini kama si mti uliopinduliwa? Akaisoma kwa sauti nzito kana kwamba ni ya Boyle, na mama yule akaisifu. Swift alionyesha kwa kurasa chache kwamba umbo lile lilikuwa limekuwa kalibu ya kufyatulia matofali: tia kitu chochote, kitatoka somo. Kutokana naye napendekeza kipimo rahisi. Ondoa kitu kilichomo katika kisa, weka kingine, uone kama somo limetikisika. Mweke mwenye duka mahali pa konda: halitikisiki. Basi konda hakuhitajika.

Mtu atanikamata hapo hapo na kusema Luka mwenyewe amebadilisha kondoo kwa sarafu na somo likabaki lile lile. Ni kweli, na pingamizi hilo limenisaidia kuliko kunipinga. Visa hivyo viwili vinavyobadilishana ndivyo vilivyotolewa somo kwa maneno. Kondoo hawezi kukataa kubebwa. Sarafu haijui kama imepotea. Alipofika kwa mwana, mwenye kinywa, mwenye hotuba aliyoitunga, mwenye ndugu mwenye hasira, kisa hakiwezi tena kubadilishwa na kingine, na mstari wa somo umeondoka. Kadiri maisha yanavyoingia kwa ukamilifu ndivyo funzo la mwishoni linavyokosa pa kusimama.

Mwandishi aliyelitambua hilo kuliko wote ninaowajua ni Mwafrika, Augustino wa Thagaste, mji ulio katika Algeria ya leo, aliyezaliwa mwaka 354. Katika Maungamo yake, aliyoyaandika kati ya mwaka 397 na 400 hivi, kitabu cha sita, anasimulia jambo dogo la barabarani. Alikuwa mwalimu wa ufasaha mjini Milano na siku hiyo alikuwa anajiandaa kutoa hotuba ya kumsifu Kaizari, hotuba iliyojaa uongo mbele ya watu wanaojua ni uongo. Anapita mtaani na rafiki zake, roho inamwaka kwa mashaka. Wanamwona ombaomba, ameshakunywa, anatania na kucheka. Augustino anavuta pumzi na kuwaambia wenzake kwamba kwa vijisarafu vichache vya kuomba mtu huyu ameshafika mahali ambapo sisi tunahangaika kupafikia kwa njia ndefu zilizopinda.

Mhubiri wa kawaida angefunga hapo. Somo liko tayari: mali na cheo havileti furaha. Augustino hafungi. Anajipinga mara moja kwamba furaha ya mlevi si furaha ya kweli. Kisha anajipinga tena kwamba utukufu alioutafuta yeye ulikuwa wa uongo zaidi. Mlevi angelala usiku ule na kuamka ulevi umemtoka. Yeye alilala na kuamka nao, siku baada ya siku. Anajiuliza kama angekubali kubadilishana na ombaomba, anajibu hapana, halafu anaishuku sababu ya hapana yake: je, ni kwa kuwa yeye ni msomi? Na usomi huo anautumia kufanya nini, kama si kuwapendeza watu? Hata ombaomba analipwa haki yake ndani ya hoja, kwamba mvinyo wake aliupata kwa kuwatakia wapita njia heri, ilhali mwalimu alitafuta sifa kwa kusema uongo. Kwa hiyo mtu wa mtaani hakutumika akatupwa. Amerudi mara tatu au nne, kila mara akiwa na jambo la kumwambia msomi ambalo mara iliyotangulia halikuwepo. Fundisho linazaliwa katika kule kubishana, na msomaji analazimika kubishana pamoja naye.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna umbo letu ambalo lina nguvu hiyo, nalo halijapata wahakiki wa kutosha: ushuhuda. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, na Uganda karibu na mwaka 1930, ukaenea Burundi, Kenya na Tanganyika hadi vijiji vya Bukoba, uliwafundisha watu kusimama na kusema kilichotokea. Sheria zake hazikuandikwa, ila aliyekaa katika mikutano ile anazijua. Unasema kwa nafsi ya kwanza. Unasema jambo la karibu, la juma hili, ikiwezekana la jana. Unalitaja kwa jina lake: nilimsemea vibaya mke wa ndugu yangu, nilichukua misumari kazini, nimeirudisha. Huwasemi wengine. Kisha ndugu wanaitikia kwa wimbo wa Tukutendereza, nao unafunga bila mtu kueleza maana.

Cha muhimu zaidi kwa umbo ni waliokaa kwenye mabenchi. Mke wa ndugu yako yupo. Mwenye misumari yupo, au shemeji yake yupo. Huwezi kuongeza konda anayecheka. Kila kipengele kina shahidi, na shahidi huyo ndiye mhariri mkali kuliko wote. Hapa maisha ya kila siku hayawi mfano wa kitu kingine. Yenyewe ndiyo mahali pa toba, pamoja na misumari yake. Sidai kwamba ushuhuda haujawahi kuchakaa. Nao ulipata fomula, giza la zamani na nuru ya sasa, na kuna waliojifunza kukiri vizuri kuliko kuacha. Lakini ulikuwa na breki ndani yake. Breki hiyo inakatika ushuhuda unapohamishiwa jukwaani mbele ya maelfu wasiomfahamu msemaji, au kwenye video inayotazamwa na mtu aliye mkoa mwingine. Mabenchi hayapo, shahidi hayupo, na kipengele kilichojazwa kinapita bila kuulizwa.

Kwa hiyo nawaomba wanaoandika tafakari na wanaoandaa mahubiri. Wahariri wa vijitabu, ule mstari wa chini wenye kichwa cha "Funzo la leo" uacheni wazi walau siku mbili kwa juma, mwone wasomaji watafanya nini. Wahubiri, mkisimulia jambo lililompata mtu, tajeni kazi yake, hesabu yake na hasara yake kama zilivyo, na msimpe maneno ambayo hakuyasema. Na kama mtu huyo yuko hai, mtafuteni kabla ya Jumapili, mmsomee, mmwulize kama ndivyo ilivyokuwa. Akisema sivyo, rekebisheni kisa kwanza, hata kama somo litabadilika.